Singapore hadi Bangkok kwa basi na treni: mwongozo wa msafiri wa mfuko mdogo

Kwa Mwafrika Mashariki anayetaka kuionja Asia kwa mara ya kwanza akiwa na begi mgongoni na pesa za kuhesabu, njia tunayoipendekeza ni ya nchi kavu: unashuka Singapore, unapanda kaskazini kupitia Malaysia, unamalizia Bangkok. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda haombi viza kuingia Singapore wala Malaysia. Chakula cha halali kimejaa njia nzima. Mabasi na treni zipo kila siku, na nauli zake hazitishi. Mwenye pasipoti ya Rwanda, Burundi au Kongo asome kwanza tovuti rasmi ya uhamiaji ya kila nchi kabla hajanunua chochote, kwa kuwa masharti yake si hayo.

Siku 21 zinatosha: mbili Singapore, mbili Melaka, tatu Kuala Lumpur, nne Penang, tano kusini mwa Thailand, usiku mmoja ndani ya treni, nne Bangkok. Kula na kulala hakutakufilisi. Pesa za safari hii huvujia mipakani, stesheni na kwenye makaratasi, kwa hiyo huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Makaratasi, wiki sita kabla

Anza na chanjo ya homa ya manjano. Nchi zote tatu zinamdai cheti hicho anayetokea Afrika Mashariki, na asiye nacho anaweza kurudishwa kaunta ya ndege kabla hata hajaondoka. Singapore inaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo sindano ya wiki ya mwisho haisaidii. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa kuwa kinaisha baada ya miaka 10. Angalia jina na namba ya pasipoti iliyoandikwa juu yake. Wengi hubadilisha pasipoti wakasahau kwamba kadi bado ina namba ya ile ya zamani. Ikiwa hivyo, beba nakala ya pasipoti ya zamani pia.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele, ukihesabu hadi siku ya mwisho ya safari, na kurasa tupu zisizopungua nne.

Viza ya Thailand unaiomba ukiwa bado nyumbani. Tangu Januari 2025 maombi yanapitia mtandaoni kwenye thaievisa.go.th. Viza ya utalii ya kuingia mara moja inakupa hadi siku 60. Utapakia ukurasa wa picha wa pasipoti, picha yako, uthibitisho wa mahali unapoishi, tiketi ya kutoka Thailand, mahali pa kulala, na taarifa ya benki. Kiwango kinachotumika kupima uwezo wako ni baht 20,000, ambazo ni kama dola 600 za Marekani. Maombi hukwama kwa mambo madogo: taarifa ya benki iliyopigwa picha ikakatika pembeni, pesa nyingi zilizoingia siku moja kabla ya maombi, au tarehe za hoteli zisizooana na tiketi. Usiombe mapema kupita kiasi, kwa sababu viza ina tarehe ya mwisho ya kuingia, miezi mitatu tangu itolewe, mbali na zile siku 60 za kukaa. Kumbuka pia kwamba ni ya kuingia mara moja: ukitoka kwenda Laos kwa siku mbili, umeimaliza.

Kisha kuna fomu za kuwasili, moja kwa kila nchi: SG Arrival Card ya Singapore, MDAC ya Malaysia na TDAC ya Thailand, hii ya mwisho ikiwa imeanza Mei 2025. Zote unazijaza ndani ya siku tatu kabla ya kuingia, hata kama unaingia kwa basi au treni, na zote ni bure. Ukizitafuta mtandaoni utakutana na tovuti za walaghai zinazotoza hela kwa fomu hizohizo. Tazama mwisho wa anwani: Singapore ni .gov.sg, Malaysia .gov.my, Thailand .go.th. Ikiwa si hivyo, funga ukurasa.

Chapisha kila kitu kwenye karatasi: viza, tiketi ya kurudi, nafasi za kulala kwa nchi zote tatu, bima, taarifa ya benki, tiketi ya basi la kutoka Singapore. Weka kwenye faili moja jembamba. Pasipoti zetu huulizwa maswali zaidi, hasa kuingia Malaysia, kwa sababu wapo wanaoingia kama watalii wakabaki kufanya kazi. Afisa anataka kujua mambo machache tu: unakaa wapi, siku ngapi, unatokaje, una pesa gani. Jibu kwa ufupi huku ukimwonyesha karatasi husika. Simu iliyozima chaji au barua pepe isiyofunguka kwa kukosa intaneti imewakwamisha watu waliokuwa na kila kitu sawa.

Hatua ya 2: Tiketi ya ndege

Usinunue tiketi ya kwenda na kurudi mji mmoja. Kwenye tovuti ya shirika la ndege chagua sehemu ya miji mingi, uweke kushuka Singapore na kurudi kutoka Bangkok. Mara nyingi bei inakaribiana na ile ya kawaida, na unaokoa nauli na siku za kurudi Singapore. Ethiopian Airlines inafika miji yote miwili kupitia Addis Ababa. Mashirika ya Ghuba nayo yanafika kupitia Doha na Dubai. Linganisha bei, lakini hesabu na mzigo: tiketi nafuu isiyo na begi la chini inakufaa tu kama begi lako linaingia ndani ya ndege.

Epuka katikati ya Aprili, wakati wa Songkran, mwaka mpya wa Wathai unaosherehekewa tarehe 13 hadi 15, pamoja na Mwaka Mpya wa Kichina na wiki ya Idi nchini Malaysia. Treni hujaa na bei za vitanda hupanda. Mvua nayo ina pande mbili: pwani ya magharibi ya Thailand, yaani Krabi na Phuket, hunyeshewa zaidi Mei hadi Oktoba, ilhali pwani ya mashariki na eneo la Hat Yai hupata mvua zake kubwa Oktoba hadi Desemba. Mwishoni mwa Novemba 2025 Hat Yai ilizama kwenye mafuriko. Kwa njia hii, Januari hadi Machi ndiyo miezi inayokaa vizuri pande zote.

Hatua ya 3: Pesa

Bajeti ya siku, ukilala bwenini, ukila vibandani na kupanda usafiri wa umma, iweke hivi: dola 60 za Singapore, ringgit 110 Malaysia, baht 900 Thailand. Kwa siku 21 hiyo ni karibu dola 620 za Marekani. Ongeza dola 90 za usafiri kati ya miji, na akiba ya dola 200 isiyoguswa. Ndege, viza na bima viko nje ya hesabu hii.

Beba dola taslimu kiasi, noti za mia, mpya na zisizokunjwa. Noti ndogo, zilizochanika au kuchorwa hubadilishwa kwa bei mbaya au hukataliwa. Usitegemee kubadilisha shilingi huko. Duka la kubadilishia pesa la mjini lina bei nzuri kuliko la uwanja wa ndege. Bangkok, maduka ya SuperRich yanajulikana kwa hilo.

ATM za Thailand hutoza kadi ya kigeni takribani baht 220 au zaidi kila unapotoa, iwe umetoa 1,000 au 10,000. Kwa hiyo toa mara chache, kiasi kikubwa. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kiasi hicho kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa, uchague sarafu ya nchi uliyopo. Ukikubali, mashine inakupangia bei yake mwenyewe. Beba kadi mbili, kila moja mahali pake, kwa sababu ATM humeza kadi. Kadi pepe ya GlobalPay ya M-Pesa ya Kenya inafaa kulipia hosteli na mabasi mtandaoni, ila haitoi pesa kwenye mashine, kwa hiyo isiwe tegemeo lako la pekee.

Benki yako itatuma namba za siri kwa SMS. Kabla ya kuondoka washa huduma ya nje ya nchi kwa SMS, zima data yake, na ujisajili Grab, programu ya teksi inayotumika nchi zote tatu, ukiwa nyumbani na laini yako. Data nunua huko: laini ya kawaida au eSIM ya siku chache ni nafuu Malaysia na Thailand.

Hatua ya 4: Begi

Lita 35 hadi 40, kilo 7 likiwa limejaa. Namba hiyo ya 7 ndiyo kikomo cha mzigo wa mkononi kwa AirAsia na mashirika mengi nafuu ya ukanda huo, na wanapima kweli langoni. Nguo seti nne, sweta moja jepesi kwa ajili ya mabasi na mabweni yenye viyoyozi vikali, ndala za bafuni, kufuli dogo la kabati la hosteli, vizibo vya masikio, chupa ya lita moja na nusu.

Chukua kanga mbili au kikoi kimoja. Ni taulo inayokauka kwa saa mbili, ni shuka ya bweni ambalo hutaliamini, ni pazia la kitanda cha chini, na ni sketi ya dharura kwenye msikiti au hekalu ambako magoti lazima yafunikwe. Hakuna nguo nyingine begini yenye kazi nyingi hivyo kwa uzito mdogo hivyo.

Chaja ya nyumbani ya pini tatu bapa inaingia moja kwa moja Singapore na Malaysia, maana soketi zao ni kama zetu. Adapta unaihitaji Thailand tu. Pawabenki ikae kwenye mzigo wa mkononi na isizidi saa-wati 100, yaani takribani mAh 27,000.

Sigara za kielektroniki acha nyumbani: Singapore na Thailand zimezipiga marufuku. Miraa isikaribie begi lako. Kathinoni iliyomo iko kwenye orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa za kulevya, na sheria za Singapore kuhusu dawa hizo zinafika hadi kunyonga. Usimbebee mtu kifurushi, hata awe ndugu wa rafiki, hata akuambie ni unga wa uji.

Hatua ya 5: Singapore, siku mbili tu

Huu ndio mji ghali kuliko yote ya njia hii, kwa hiyo usikae. Kutoka uwanja wa ndege wa Changi panda MRT, treni ya mjini. Nauli ni kama dola mbili za Singapore (dola zote za hatua hii na ya 6 ni za huko) na unalipa kwa kugusisha kadi ya Visa au Mastercard. Kitanda cha bwenini Lavender, Little India au Chinatown ni dola 25 hadi 40. Maji ya bomba yananyweka. Kula kwenye masoko ya vibanda: Tekka Centre pale Little India kuna biriani, dosa na chai ya maziwa, na sahani haizidi dola 4 hadi 7. Bustani ya mimea ni bure, na pale Gardens by the Bay maonyesho ya taa ya saa 1:45 na 2:45 usiku nayo ni bure.

Hatua ya 6: Mpaka wa kwanza, Woodlands hadi Johor Bahru

Basi la moja kwa moja Singapore hadi Melaka linakugharimu mara mbili hadi tatu ya kuvuka mwenyewe kwa basi la mji kisha kuunganisha upande wa pili. Fanya hivi:

1. Nenda kituo cha Queen Street, karibu na MRT ya Bugis. Panda basi namba 170 au CW2. Zote zinaishia kituo kikuu cha Larkin, ng'ambo. Nauli haifiki dola tano. Tunza tiketi.
2. Ukifika Woodlands, shuka na mzigo wako wote. Basi halikusubiri. Kosa kubwa la mpaka huu ni kuacha begi kitini ukidhani utarudi.
3. Pita uhamiaji wa Singapore, shuka kwenye jukwaa la mabasi, upange foleni ya namba ileile uliyokuja nayo. Basi lolote la namba hiyo litakupokea.
4. Vuka daraja la tuta, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo. Shuka tena na mzigo, ingia uhamiaji wa Malaysia. Usikubali kupita bila kuhakikisha umeingizwa rasmi kwenye mfumo. Msafiri asiyeonekana ameingia hupata shida kubwa siku ya kutoka.
5. Panda tena namba yako hadi Larkin.

Bila foleni ni saa moja na nusu. Ijumaa jioni na mkesha wa sikukuu inaweza kufika saa nne. Vuka Jumanne au Jumatano, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Kuna pia treni ndogo ya kuvuka, Shuttle Tebrau, inayochukua dakika tano. Inauzwa dola 5 kutoka Singapore, lakini tiketi huisha siku nyingi kabla.

Larkin ina wapigadebe kama Ubungo ya zamani. Watakushika mkono na kukuambia basi linaondoka sasa hivi. Pita moja kwa moja hadi kaunta, tazama saa ya kuondoka iliyochapishwa kwenye tiketi, ndipo ulipe.

Hatua ya 7: Melaka na Kuala Lumpur

Larkin hadi Melaka ni saa tatu hivi, ringgit 20 hadi 30. Kutoka Melaka Sentral basi la mji namba 17 linakufikisha mji wa kale, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na George Town, mji mkuu wa Penang. Mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja atajisikia nyumbani: bandari ya biashara ya Bahari ya Hindi, ngome ya Wareno, vichochoro, misikiti ya kale. Tembea kwa miguu; hakuna haja ya kulipia ziara.

Melaka hadi Kuala Lumpur ni saa mbili, na basi linashukia TBS, kituo kikubwa kilicho mbali na katikati ya mji lakini kimeunganishwa na stesheni ya Bandar Tasik Selatan. Panda treni, achana na madereva wanaokuita mlangoni. Asiyetaka kupitia Melaka ana treni ya umeme ya ETS kutoka Johor Bahru moja kwa moja hadi KL Sentral, iliyoanza Desemba 2025. Ni ya raha, ila basi ni nafuu zaidi. Lala karibu na stesheni ya Pasar Seni, ringgit 35 hadi 60 kwa kitanda.

Uliza kuhusu kodi ya utalii kabla ya kulipa hosteli yoyote Malaysia. Mgeni anatozwa ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Baadhi ya mabweni huitoza kwa kila kitanda, mengine yameijumlisha. Kwa siku tisa tofauti hiyo ni karibu siku nzima ya bajeti.

Chakula cha msafiri wa Malaysia ni mamak, vibanda vya Waislamu wa Kitamil, vingi vikiwa wazi usiku kucha. Roti canai ni chapati ya tabaka, inapigwa juu ya bati la mafuta mbele yako na kuletwa na mchuzi wa dengu: ringgit 1.50 hadi 2.50. Teh tarik, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe hadi kikombe ili itoe povu, ni ringgit 2 hadi 3. Chapati mbili na chai asubuhi, basi umefika mchana. Penye nasi kandar, yaani wali na michuzi ya kuchagua, bei inategemea unachoonyesha kwa kidole, na kamba na pweza hazina bei ya maharage. Uliza kabla sahani haijajaa. Mwezi wa Ramadhani masoko ya futari huanza alasiri na ndiyo chakula bora cha bei ndogo nchini. Ila Mwislamu anayekula hadharani mchana anaweza kutozwa faini na mamlaka za dini.

Hatua ya 8: Penang na mpaka wa pili

Kuala Lumpur hadi Butterworth kuna basi, saa tano, ringgit 35 hadi 45, au treni ya ETS, saa nne hivi, bei ya juu kidogo. Butterworth ukishuka, fuata daraja la waenda kwa miguu hadi kivuko. Ringgit 2 na uko George Town. Basi linaloandikwa "Penang" linaweza kukushusha Sungai Nibong, ambako ni kisiwani lakini mbali na mji wa kale. Soma jina la kituo cha mwisho kabla ya kulipa.

Kabla ya kuondoka George Town badilisha ringgit zilizobaki ziwe baht, angalau 1,500. Maduka yako mengi kwenye mitaa inayozunguka Lebuh Pantai. Mpakani bei si nzuri. Jaza TDAC ukiwa bado na Wi-Fi ya hosteli.

Kisha:

1. Vuka kwa kivuko, panda treni ya KTM Komuter kutoka Butterworth hadi Padang Besar. Ni karibu saa mbili, ringgit 11 au 12. Ondoka na treni ya asubuhi.
2. Uhamiaji wa Malaysia na wa Thailand uko ndani ya stesheni hiyohiyo. Ofisi hizo hufuata ratiba ya treni, kwa hiyo usishangae ukikuta dirisha limefungwa.
3. Onyesha viza iliyochapishwa, fomu ya TDAC, tiketi ya ndege ya kutoka Bangkok na kadi ya njano. Soma tarehe ya kukaa iliyogongwa hapohapo dirishani. Ikiwa fupi kuliko viza yako, uliza kabla hujaondoka. Kuzidisha siku Thailand ni faini ya baht 500 kwa kila siku.
4. Panda treni ndogo ya Hat Yai: baht 50, chini ya saa moja.

Mtego wa hapa ni saa. Thailand iko nyuma ya Malaysia kwa saa moja: ikiwa saa sita mchana Malaysia, ni saa tano Thailand. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo inabadilika yenyewe, nawe unadhani bado una saa nzima ya kunywa chai. Treni ndogo ya kwenda Hat Yai ni mara mbili tu kwa siku. Soma saa ya ukutani stesheni, na umuulize mhudumu ratiba unayoiona ni ya saa ya nchi gani. Ikikuacha, toka ukavuke mpaka wa barabarani, upande gari dogo la abiria upande wa Thailand.

Usipande kaskazini kwa njia ya mashariki, kupitia Kota Bharu na Sungai Golok. Mikoa ya Narathiwat, Yala na Pattani ina uasi wa silaha wa miaka mingi, na bima nyingi hazilipi tukio la huko. Baadhi zinaitaja hata Songkhla, mkoa wa Hat Yai, kwa hiyo soma orodha ya yasiyolipwa kabla ya kununua bima, na usilale Hat Yai bila sababu.

Hatua ya 9: Krabi, kisha treni ya usiku

Kutoka Hat Yai magari madogo huenda Krabi kwa saa nne hadi tano. Lala Krabi mjini, si Ao Nang ya ufukweni: kitanda ni baht 200 hadi 350, soko la usiku liko karibu, na songthaew, pikapu yenye mabenchi nyuma, inakupeleka ufukweni kwa baht 50 au 60. Boti za kwenda ufukwe wa Railay huondoka zikijaa watu wanane hivi. Nenda asubuhi, jioni ukibaki peke yako utaombwa ulipie boti nzima.

Maji Thailand usiyanunue kwa chupa. Mashine za barabarani zinakujazia lita moja kwa baht moja.

Kwa Bangkok, panda treni ya usiku kutoka Surat Thani. Weka nafasi mapema kwenye D-Ticket, tovuti ya shirika la reli la Thailand. Chagua daraja la pili la kulala. Kitanda cha juu ni nafuu, lakini chembamba na taa haizimwi karibu nawe. Mtu mrefu alipie cha chini. Stesheni inayoitwa Surat Thani iko Phunphin, kilomita 13 hivi kutoka mjini, kwa hiyo ukikata tiketi ya gari kutoka Krabi sema wazi unataka kushukia stesheni ya reli. Anayesema "Surat Thani" pekee huachwa mjini, na teksi ya usiku inakula pesa ya kitanda.

Hatua ya 10: Bangkok na kuondoka

Tangu Januari 2023 treni za masafa marefu zinaishia Krung Thep Aphiwat, stesheni kubwa ya Bang Sue. Vitabu vya zamani vinasema Hua Lamphong. Ukipanga hosteli kwa kufuata hivyo utalala upande usiokuhitaji. Chini ya stesheni kuna MRT ya mstari wa buluu.

Ikulu ya kale ni baht 500, Wat Pho 300. Magoti na mabega yafunikwe, na hapo kanga inafanya kazi yake. Mtu nadhifu nje ya lango akikuambia leo pamefungwa na kwamba ana bajaji ya baht 20 ya kukuzungusha, anakupeleka duka la vito. Pita, ukaulize langoni mwenyewe.

Ukipata homa popote njiani, mwambie daktari kabla ya yote kwamba umetoka eneo la malaria. Huko watawaza dengi kwanza, na malaria uliyoondoka nayo nyumbani inaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Omba vipimo vya vyote viwili. Mpaka majibu yatoke, tumia parasetamoli tu. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengi. Mbu wa dengi huuma mchana, basi dawa ya kupaka iwe mfukoni tangu asubuhi.

Siku ya kuondoka, shuka MRT ya Phetchaburi, tembea hadi stesheni ya Makkasan ya treni ya uwanja wa ndege, uende Suvarnabhumi kwa nauli isiyozidi baht 45. Bangkok ina viwanja viwili. Don Mueang ni kingine kabisa, na treni hii haifiki huko. Soma msimbo kwenye tiketi: BKK ni Suvarnabhumi, DMK ni Don Mueang. Fika saa tatu kabla, na sarafu za baht zilizobaki zimalizie chakula cha vibanda vya chini uwanjani, maana hazibadilishiki popote.